Bridge: Kupita ao kuamsha munada?

Siku ya yenga mangaribi, ku Kamalondo ao ku Katuba, hautakosa kuona watu ine wamezunguka meza ya plastike, karata mu mikono. Wanacheza, wanabishana, kisha mumoja analaumu mwenzake: "Juu ya nini ulinyamaza?" Ile ulizo njo habari yetu ya leo. Mu muchezo wa bridge, kunyamaza nako ni kuamua, na inaweza kukupotezea pointi sawa vile kusema vibaya.

Bridge ni muchezo gani?

Bridge inachezwa na watu ine, wawili juu ya wawili, na karata 52. Kila mutu anapata 13. Mwenzako anakaa uso kwa uso na wewe, wapinzani wako pembeni, ku kuume na ku kushoto. Namna inavyochezwa leo ilitengenezwa na Mumarekani Harold Vanderbilt mu mwaka wa 1925, wakati alikuwa mu safari ya meli. Shirikisho la dunia la bridge lilianzishwa mu 1958, ku Oslo. Na usifikiri ni muchezo wa wazungu tu: Omar Sharif wa Misri, ule tuliona mu filme nyingi, alikuwa pia mucheza bridge mukubwa. Mu 1964 alicheza mu ekipe ya inchi yake mu Olimpiade ya bridge ku New York.

Muchezo uko na sehemu mbili. Kwanza munada, kisha kutupa karata. Karata ine zinazotupwa, moja kwa kila mutu, ni pli moja. Zote pamoja ni pli 13. Mu munada, kila mutu kwa zamu yake anaahidi hesabu ya pli ekipe yake itabeba, na rangi gani itakuwa atu. Mutu akisema "1 kere", anaahidi pli 7, maana wanahesabu 6 za kuanzia, kisha wanaongeza ile 1. "2 kere" ni pli 8. Piki iko juu ya kere, kere juu ya karo, karo juu ya trefu. Ni sawa na soko: unapandisha bei ao unapita. Watu watatu wakipita kwa kufuatana, munada umelala.

Kuamsha ni nini?

Tuseme mupinzani wa kwanza amesema 1 kere. Wewe unapita. Mwenzake anasema 2 kere. Mwenzako anapita, yule wa kwanza naye anapita. Sasa meza yote inakuangalia wewe. Ukipita, munada umekwisha, wapinzani wanacheza 2 kere. Ukisema kitu, umeamsha munada. Wacheza bridge wa Kifaransa wanaiita hivyo kabisa: kuamsha.

Fanya hesabu mbele ya kufungua kinywa

Asi ni pointi 4, mufalme 3, malkia 2, vale 1. Mu karata zote kuko pointi 40. Ekipe inayotaka kupanda mupaka 4 kere inahitaji pointi karibu 25. Wapinzani wamesimama ku 2 kere, maana yake mara nyingi wako na 20 ao 23. Basi nyinyi wawili muko na 17 mupaka 20.

Angalia mukono huu: piki ine na mufalme, kere mbili ndogo, karo ine na asi, trefu tatu na malkia. Pointi 9. Hazikutosha kusema mwanzoni. Lakini sasa toa 9 mu zile 17 ao 20: mwenzako iko na 8 mupaka 11. Alinyamaza juu hakukuwa na fasi nzuri ya kusema, hapana juu mukono wake ni mutupu. Hapa unasema "kontre", ni kusema: mwenzangu, chagua rangi ingine.

Faida iko wapi? Wapinzani wakicheza 2 kere na kufikia, wanapata pointi 110. Mukicheza 2 piki na kukosa pli moja, munapoteza 50 tu. Na kama wanakasirika na kupanda 3 kere, sasa wanapaswa kubeba pli 9. Wakikosa, nyinyi njo munapata. Mufaransa Jean-René Vernes alieleza mu 1966 kama hesabu ya pli za ekipe zote mbili inakaribia hesabu ya atu zao. Wao wakiwa na kere 8, nanyi piki 8, jumla ni 16: wao wakiweza kubeba pli 8, nanyi mutakaribia 8.

Wakati wa kupita

Kuamsha haiko dawa ya kila siku. Pita kama wewe mwenyewe uko na kere nyingi: karata zako nzuri zitawaangusha wao, hapana kukusaidia. Pita kama wapinzani hawakupatana rangi, walikuwa wanatafutana tu, uache wateseke. Na fikiri mara mbili kama ekipe yenu iko mu hali ya hatari, fasi kila pli inayokosa inakamata 100. Wakikupiga kontre, pli moja tu ni 200, zaidi ya zile 110 ulikuwa unakimbia.

Hapa watu wanagombana

Ugomvi mwingi unatoka kwa mwenzako. Wewe umeamsha kwa kuhesabu pointi zake. Yeye anaangalia mukono wake, anaona pointi 10, anafurahi, anaruka mupaka 4 piki. Munaanguka. Zile 10 ulikwisha kuzisema. Amezihesabu mara ya pili. Mutu aliyeamshwa anapaswa kuwa mupole.

Kuko na jambo lingine la heshima. Mwenzako akikawia mbele ya kupita, ao akipumua kwa nguvu, hauna ruhusa ya kusoma ile. Sheria namba 16 ya bridge inakataza. Unaamua kwa karata zako na maneno ya munada, basi.

Kwa hiyo, mbele ya kukaa ku meza, mupatane: tukiamsha, ni na pointi ngapi, na anayejibu atasimama wapi? Dakika tano za mazungumuzo zinaepusha ile ulizo ya "Juu ya nini ulinyamaza?", na dada yake pia: "Juu ya nini ulisema?"