Majina yaliyotoka kwenye kazi

Marehemu baba alikuwa fundi cherehani, na mtaani wote walimwita Fundi tu. Ndiyo maana jina la Kiingereza Taylor, yaani mshonaji, hunigusa.

Kabla Wanormani hawajaiteka Uingereza mwaka 1066, Waingereza wengi walitosheka na jina moja: Godwin, Wulfstan. Kisha yakaenea William, Robert na Richard, hata kijiji kimoja kikawa na akina William kadhaa. Kazi ikawatofautisha: Smith mhunzi, Cooper mtengeneza mapipa. Lakini niyapendayo zaidi ni Webster, Baxter na Brewster. Kiishio chao, -ster, katika Kiingereza cha kale, kilikuwa cha wanawake: wafumaji, waokaji, wapika pombe. Jasho lao limo humo bado.

Mwaka 1538 Thomas Cromwell, waziri wa mfalme wa Uingereza, aliagiza kila parokia iandike ubatizo, ndoa na mazishi. Wakati huo majina hayo yalikuwa yakirithiwa, na akina Baxter wengi hawakuwa waokaji tena.