Ng'ombe wa Carlson na Moyo wa Mama

Mjomba ndiye aliyeanza. Alikuja kwetu Ngara jioni moja, akaokota kasha la dawa mezani, akalisoma jina polepole, kisha akasema: "Dada, hii warfarini ni sumu ya panya. Mimi naijua." Mama akalirudisha kasha kwenye bahasha ya kaki. Hakumeza kidonge usiku ule, wala usiku uliofuata.

Mimi nasoma shahada ya uzamili ya historia, si udaktari. Lakini ni mimi peke yangu niliyekuwa likizo, kwa hiyo nikaulizwa: "Wewe uliyesoma, mjomba wako anasema kweli?" Ilinichukua siku mbili kumjibu, kwa sababu jibu lilikuwa ndiyo.

Katika miaka ya 1920, ng'ombe wa Kanada na kaskazini mwa Marekani walikuwa wakifa kwa kutokwa damu. Daktari wa mifugo Frank Schofield aligundua kwamba chanzo ni malisho yaitwayo klova tamu, yakivunda ghalani. Februari 1933, mkulima Ed Carlson wa Deer Park, Wisconsin, alipakia kwenye gari mtamba aliyekufa, kopo kubwa la maziwa lililojaa damu isiyoganda na mzigo wa majani yale, akaendesha karibu kilomita 300 kwenye theluji hadi Madison. Ilikuwa Jumamosi, ofisi ya mifugo imefungwa. Akajikuta kwenye maabara ya mkemia Karl Paul Link.

Link na wenzake walihangaika hadi 1939 ndipo wakaipata kemikali yenyewe, dikumaroli. Baadaye wakatengeneza nduguye mkali zaidi, akapewa jina kutokana na WARF, herufi za taasisi iliyofadhili utafiti huo, na mwaka 1948 akaingia sokoni kuua panya. Mwaka 1951 kijana aliyeandikishwa katika jeshi la Marekani alijaribu kujiua kwa kuila sumu hiyo. Alipewa damu na vitamini K, akapona. Kumbe ilikuwa na dawa ya kuizima. Mwaka 1954 ikaruhusiwa kwa binadamu, na mwaka uliofuata alipewa Rais Eisenhower baada ya mshtuko wa moyo.

Nilimsimulia mama haya tukimenya ndizi. Eisenhower hakumgusa. Alisimama kwa Carlson.

"Alisafiri na ng'ombe mfu kwenye baridi hiyo yote?"

"Ndiyo, mama."

"Na damu kwenye kopo?"

Akatikisa kichwa, akaendelea kumenya.

Moyo wake nao una historia. Anakumbuka kwamba akiwa darasa la tatu aliumwa koo, akasukutua maji ya chumvi, na wiki chache baadaye magoti yakavimba, kisha vifundo vya miguu, kimoja baada ya kingine. Waliita baridi yabisi. Ilikuwa homa ya rumatiki: mwili unaopigana na bakteria wa streptokokasi hugeuka na kushambulia viungo vyake, hata valvu za moyo. Penisilini, dawa ya bei ndogo, ingeweza kuizuia. Sasa valvu moja ina makovu na imebana, chumba cha juu kimetanuka na kinatetemeka badala ya kudunda kwa mpangilio. Damu ikituama humo huganda, na donge likichomoka laweza kufika kwenye ubongo. Utafiti wa Framingham wa mwaka 1978 ulikadiria kwamba mapigo ya namna hii huongeza hatari ya kiharusi mara 5. Yakiambatana na valvu ya rumatiki, mara 17.

Nilitaka apewe vidonge vipya, visivyohitaji kupima damu mara kwa mara. Warfarini ina masharti: kipimo cha INR kikae kati ya 2 na 3, kisamvu na matembele yaliwe kwa kiasi kisichobadilika, na dawa za kifua kikuu au baadhi ya antibiotiki huvuruga hesabu yote. Kikizidi, mtu hutoka damu, na mama anakata mikungu kwa panga. Kwake kipimo kilimaanisha basi la alfajiri kupitia Benaco na Lusahunga, kulala kwa mama mdogo Biharamulo, kisha Mwanza. "Nauli ya kila mwezi atalipa nani?" aliuliza, wala hakuwa analalamika.

Kisha nikasoma matokeo ya INVICTUS, ya mwaka 2022. Wagonjwa zaidi ya 4,500 wa moyo wa rumatiki katika nchi 24 za Afrika, Asia na Amerika ya Kilatini, wengi wao wanawake, wa umri wa miaka 50 hivi. Yaani mama. Majaribio makubwa ya awali ya vidonge vipya yaliwaacha nje watu wenye valvu iliyobana kama yake. Katika hili, waliopewa kidonge kipya, rivaroksabani, walikufa wengi kuliko waliomeza dawa za jamii ya warfarini. Nilitamani sana utafiti ule uwe umekosea. Daktari wake alikuwa ameshasema hivyohivyo, mimi ndiye sikusikiliza.

Nilimweleza mama. Akauliza jambo moja tu: siku ile Carlson alipata dawa ya ng'ombe wake?

Hakupata. Aliambiwa aache kuwalisha majani yale, akarudi kilomita zilezile 300.

Mama alikaa kimya kitambo. Kisha akaniagiza daftari la shule, akachora safu tatu: tarehe, kidonge, kipimo. Nauli tumegawana watoto watatu, mimi nimechukua miezi minne ya mwaka.

Mjomba alipokuja Jumapili alimkuta anameza. "Kaa hapo," mama akamwambia, "nikusimulie habari ya ng'ombe."