Miaka 60 ya Michezo katika Chuo Kikuu cha Burundi: Historia Fupi ya Viwanja na Hazina Yake

Katika kuzitaja fadhila za Chuo Kikuu cha Burundi, ambacho mwaka 2024 kilitimiza miaka 60 tangu kuasisiwa kwake, aghalabu hutangulizwa matabibu, mahakimu, wahandisi na mawaziri waliotoka humo, na michezo huachiwa nafasi ya mwisho, pale ambapo msikilizaji amekwisha kuchoka na msomaji amekwisha kufunga kitabu. Sisi wazee tukaao Kibenga, ambao ujana wetu ulitumika katika viwanja vya Chuo huko Mutanga na Kiriri, tumeona si insafu jambo hilo lipite hivi hivi; na kwa kuwa maji ya Ziwa Tanganyika yalipopanda mwaka huo huo yaliingia katika nyumba zilizo karibu na ufuko, yakaharibu picha na makaratasi ya baadhi yetu, wenzangu waliniamuru niandike upesi yaliyobaki, hata kama upesi huo utaiondolea insha hii madaha yake.

Asili ya michezo hii ni kongwe kuliko Chuo chenyewe. Mwaka 1952, zama za Mwami Mwambutsa, mapadre Wajesuiti walifungua Usumbura, ndiyo Bujumbura ya leo, shule ya sekondari iliyoitwa Collège du Saint-Esprit, juu ya kilima cha Kiriri, mahali ambapo mtu akisimama huona mji wote umetandazwa chini yake, na nyuma ya mji ziwa, na nyuma ya ziwa milima ya Kongo. Majengo yake yalichorwa na Mbelgiji Roger Bastin, na shule ilikusudiwa iwapokee watoto wa kila rangi darasa moja, jambo ambalo katika nchi hizi na katika miaka ile halikuwa dogo. Wajesuiti walikuwa na itikadi yao juu ya mwili wa kijana: kwamba kijana asiyetokwa jasho alasiri hatatulia katika sala jioni wala katika hesabu asubuhi. Kwa hiyo kiwanja kwao hakikuwa pambo la shule. Kilikuwa darasa lenye nyasi. Kadhalika, kule Astrida, nchini Rwanda, katika Groupe Scolaire ya Mabradha wa Upendo ambako vijana wengi wa Urundi walisomeshwa, akiwemo Mwanamfalme Louis Rwagasore, mpira ulikuwa umekwisha kuwa kama faradhi. Vijana wa mikondo hii miwili ndio waliokutana baadaye chuoni, na kila mkondo ulidai kwamba ndio unaojua kandanda; ubishi huo, kwa kadiri nijuavyo, haujapata hukumu hata leo.

Elimu ya juu ilianza Usumbura mwaka 1960 kwa masomo ya kilimo na kwa kitivo cha Wajesuiti. Nchi ikapata uhuru tarehe 1 Julai 1962, na mwaka 1964 taasisi hizo zikaunganishwa kuwa Chuo Kikuu Rasmi cha Bujumbura. Nataka msomaji auangalie vizuri mwaka huo, maana ndio mwaka ambao Burundi, baada ya kuachana na Rwanda katika mambo ya benki, ilianza kutumia faranga yake yenyewe. Chuo na faranga ni ndugu wa umri mmoja, na mtu atakayeisoma historia ya michezo yetu ataona jinsi ndugu huyu mmoja alivyokuwa akimtegemea mwenzake, na jinsi alivyougua kila mwenzake alipougua.

Wanafunzi wa miaka ile walikuwa wachache mno, hata timu ya kandanda ikiwa uwanjani, na ya kikapu ikiwa inangoja zamu yake, mabweni yalibaki kwa wagonjwa na wavivu. Uchache huo ulikuwa neema. Mchezaji wa kandanda alikuwa ndiye mchezaji wa wavu, ndiye mrukaji, na Jumapili ndiye mwimbaji wa kwaya. Jezi moja ilitumika katika michezo mitatu, na namba ya mgongoni ilikuwa imeshonwa kwa mkono. Mwamuzi alikuwa padre mmoja mrefu, ambaye majina yake ya heshima wenzangu wanayajua, aliyekuwa akikimbia na kanzu yake nyeupe ameikunja kiunoni, na ambaye alihesabu matusi ya Kifaransa kuwa ni faulo ilhali ya Kiswahili aliyaacha yapite, ama kwa huruma ama kwa kutoyafahamu. Walisema wengine kwamba aliyafahamu vizuri sana.

Padre huyo ndiye aliyekuwa mweka hazina wetu wa kwanza, na hazina yenyewe ilikuwa kisanduku cha bati kilichowahi kutiwa biskuti. Fedha ziliingia kwa njia tatu: sehemu ndogo iliyotengwa na utawala katika bajeti iliyotoka serikalini, sadaka za wafadhili na wazee wa wanafunzi, na michango yetu wenyewe, iliyokusanywa siku ile ile buruse, yaani posho ya serikali kwa mwanafunzi, ilipotolewa, kabla haijafika sokoni. Zilitoka kwa njia nyingi zaidi. Nimepata kulishika daftari la matumizi la zama hizo, lenye jalada la kijani na mistari iliyopigwa kwa rula, na ndani yake husomi habari ya vikombe wala ya ushindi, bali wasoma chokaa ya kuchorea uwanja, nyuzi za wavu, ndimu na sukari za mapumziko, sabuni ya kufulia jezi, mafuta ya gari, na kibofu cha mpira, kisha kibofu cha mpira tena, kisha tena. Aliyeandika hakuwa mtu wa maneno. Mahali pamoja tu, pembezoni mwa ukurasa, ameandika kwa wino mwekundu kwamba mpira si wa kukalia.

Kibofu hicho kina kisa, na hakuna karamu yetu inayokwisha pasipo kisa hiki kusimuliwa. Mpira wa ngozi wa siku zile ulikuwa na kibofu cha raba ndani na kamba za kufungia nje, na pampu ya chuo ilipoharibika hapakuwa na fungu la kununulia nyingine. Ikawa kila Jumamosi mwanafunzi mmoja huteremka na mpira kwapani hadi Buyenzi, mtaa wa Waswahili, kwa fundi wa baiskeli aliyeketi chini ya mwembe, na fundi huujaza upepo, huubonyeza kwa kidole gumba, hutikisa kichwa chake, huujaza tena. Malipo hakutaka. Sharti lake lilikuwa moja, nalo ni kwamba Chuo kije kicheze na vijana wa mtaani kwake. Tukaenda, tumevaa daluga zilizopakwa mafuta na soksi zilizovutwa hadi magotini, tukakuta vijana wanaotungoja miguu mitupu, wengine wakiwa wametoka kupakua samaki bandarini. Na kilichotokea alasiri ile, msomaji aliyewahi kuuona mpira wa Buyenzi hahitaji kuelezwa. Waliotufunga walitukaribisha chai na vitumbua. Tangu siku hiyo lugha ya uwanja wetu ikawa Kiswahili, Kifaransa kikabaki darasani na Kirundi katika siri za mabwenini, na vijana kadha wa kadha wa Buyenzi na Bwiza wakawa wanapanda Mutanga kufanya mazoezi nasi pasipo mtu kuwauliza kadi.

Mwaka 1965 ilianzishwa École Normale Supérieure ya kuwafunza walimu, nayo ikawa hasimu wetu mpenzi, kwa maana walimu watarajiwa walikuwa na nidhamu ya mazoezi ambayo sisi hatukuwa nayo. Mwaka 1972 ulikuwa na huzuni yake, huzuni ya mauaji ambayo nchi nzima inayajua. Timu zilipokusanyika tena baada yake hazikuwa zile zile, na sitasema zaidi ya hapo. Mwaka 1973 Chuo Kikuu Rasmi, École Normale na shule ya utawala viliunganishwa kuwa chuo kimoja, na hivyo mahasimu wa jana wakajikuta wakigombea namba katika kikosi kimoja, huku visanduku vitatu vikimiminwa katika kimoja, na ikadhihirika kwamba visanduku vitatu vitupu havijazi kimoja. Jina la Chuo Kikuu cha Burundi lilikuja mwaka 1977.

Tukio kubwa la baada ya hapo, kwa mtazamo wangu, halikuwa kombe lolote. Lilikuwa kuanzishwa kwa Taasisi ya Elimu ya Viungo na Michezo, ambayo wengi huiita kwa herufi zake za Kifaransa, IEPS. Wengine waliiona kama kitivo cha kuruka kamba, na mizaha hiyo tuliisikia sana katika foleni ya chakula. Walakini mtu mwenye hesabu angeona mara moja faida yake. Mpaka hapo mkufunzi wa timu alikuwa mtu wa kuombwa na kubembelezwa. Tangu hapo alikuwa mwalimu wa chuo, mwenye mshahara wa serikali, na wanafunzi wake walitakiwa na mtaala wao kufundisha wengine. Hivyo gharama iliyo miongoni mwa zile kubwa katika michezo ya vyuo, yaani gharama ya watu, ikatolewa katika hazina yetu ikaingizwa katika hazina ya taaluma. Kutoka hapo tulibaki na gharama za vitu tu: mipira, nyavu, usafiri. Malazi, vyakula na buruse za wanafunzi zilisimamiwa na Régie des Œuvres Universitaires, na kiongozi wa michezo aliyekuwa mjanja alijua kwamba njia ya kulipata basi ni kuanza kwa kuwasifu wapishi.

Miaka iliyofuata 1993 ilikuwa ya vita na mitihani mizito kwa nchi na kwa Chuo, na mauaji ya wanafunzi ya Juni 1995 katika Mutanga hayasahauliki na waliokuwapo. Katika daftari la michezo kurasa hizo ni fupi. Kisha mwaka 1996, tarehe 31 Julai, nchi jirani zikatufungia biashara, na vikwazo hivyo vikadumu hadi Januari 1999: petroli ikawa adimu, bei zikapanda, mpira wa dukani ukawa kitu cha anasa. Na siku tatu tu baada ya mipaka kufungwa, tarehe 3 Agosti, katika Olimpiki ya Atlanta, ambayo ndiyo ya kwanza Burundi kushiriki, Vénuste Niyongabo, mzaliwa wa Makamba, akashinda mbio za mita 5000 kwa dakika 13 na sekunde 7.96. Hakuwa mwanafunzi wetu, nami simnyang'anyi mtu kijana wake. Lakini atakayeandika habari za michezo ya Burundi asimtaje, kalamu yake itamlaumu. Zaidi ya medali, tulimpenda kwa uungwana: mbio alizozizoea zilikuwa za mita 1500, naye akamwachia nafasi hiyo Dieudonné Kwizera, aliyezikosa Olimpiki zilizotangulia kwa sababu nchi ilikuwa haijapata kamati inayotambuliwa.

Kwizera alikuwa amesoma na kukimbia katika Chuo Kikuu cha Nebraska, Marekani, na habari hiyo ilitufanya tujadiliane usiku kucha. Kule mkimbiaji hodari hulipiwa masomo na chuo kwa ajili ya miguu yake. Hapa kwetu serikali ilimlipia mwanafunzi kwa ajili ya kichwa chake, na miguu ikala makombo. Vijana walivutiwa sana na mpango wa Wamarekani. Mimi nilivutiwa kiasi. Vyuo vikubwa vya kule hupata mali kwa viingilio na televisheni, lakini ukivichungulia vile vidogo, vilivyo kama sisi, utaona vingi hulijaza pengo la michezo kwa ada za wanafunzi wasiocheza, na mwanafunzi hajui kwamba katika karo yake mna daluga za mwenzake. Sisi angalau mchango wetu tuliutoa kwa mkono, tukaijua sura ya aliyeupokea.

Ya karibuni nitayataja kwa ufupi, maana wenyewe wangali hai na watayasimulia vizuri zaidi. Kuanzia 1999 vilizuka vyuo vya binafsi, kikiwemo cha Ngozi, kisha Lumière na Hope Africa, tukapata wapinzani wapya wenye jezi mpya. Mwaka 2007 Burundi iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, na macho ya wachezaji wetu yakageuka kutoka magharibi kuelekea Kampala, Nairobi na Dar es Salaam. Mwaka 2011 ulikuja mfumo wa Bachelor, Master na Doctorat, ambao mihula yake imezila alasiri za mazoezi. Mwaka 2015 masomo yalisimama kwa muda. Mwaka 2017 buruse iligeuzwa kuwa mkopo, na mtu anayejua kwamba kila faranga aipokeayo atadaiwa hachangii nyavu kwa moyo ule ule wa zamani. Mei 2023 faranga ilishushwa thamani, na kila kitu kinachotoka nje, mpira ukiwa kimojawapo, kikapanda bei kwa siku moja. Uhaba wa petroli umezifanya safari za mikoani kuwa jambo la kudra. Pamoja na hayo timu zipo, za wanaume na za wanawake, na binti zetu wa kikapu, ambao katika zama zetu hawakuwa na hata pete moja ya kutungia, leo ndio wanaovuta watazamaji.

Inabaki shukrani. Twawashukuru Wajesuiti kwa viwanja; watawala waliotia sahihi karatasi zetu bila kuzisoma sana; walimu wa IEPS kwa saa zao nyingi ambazo hazikuandikwa popote; madereva wa basi, waliotungoja hadi dakika za nyongeza; na hasa yule mfuaji wa jezi wa Mutanga, ambaye fungu lake lilipochelewa, na lilichelewa mara nyingi, alitukabidhi jezi zikiwa safi, zimenyoshwa na kukunjwa kwa namba, namba moja juu kabisa, kisha akatuambia tulipe tutakaposhinda. Deni lake la mwaka wa mwisho lililipwa na mawakili wawili, waliokuwa mabeki wetu, siku ya harusi ya mwanawe.