Tetemeko la Rukwa la 1910 na Mitambo Iliyolinakili



Mhariri aliponiomba makala ya historia, yamkini alitazamia niandike juu ya watemi wa Ufipa au wayeyusha chuma wa zamani. Hayo wameyaandika wenye ujuzi kunizidi. Mimi nitaandika juu ya mchana mmoja tu wa mwaka 1910, na kilichonikumbusha mchana huo ni sanduku la disketi zilizoota ukungu.

Siku ya Jumanne, tarehe 13 Desemba 1910, yapata saa nane na nusu mchana kwa saa zetu za leo, ardhi ya Rukwa ilitikisika. Tetemeko lile ndilo kubwa kuliko yote yaliyopimwa kwa mitambo katika Afrika Mashariki katika karne ya 20. Wakati ule Ufipa ilikuwa chini ya boma la Wajerumani la Bismarckburg, yaani Kasanga yetu ya leo kando ya Ziwa Tanganyika. Mimi nilipozaliwa, hata aliyekuwa mtoto mchanga siku ile alikwisha vuka miaka sabini. Sikubahatika kumkuta mzee wa kunisimulia. Shahidi aliyebaki, basi, ni karatasi, tena karatasi zilizoko mbali sana na Sumbawanga.

Miaka ile sismografu iliyosifika Ulaya ilikuwa ya Emil Wiechert wa Göttingen, Ujerumani. Ilikuwa na uzito wa zaidi ya kilo elfu moja, umesimamishwa kwa namna ambayo ardhi ikicheza wenyewe hubaki nyuma. Tofauti ya mwendo huo ilikuzwa kwa vyuma vyepesi mpaka kwenye sindano, na sindano ilikwaruza karatasi iliyopakwa masizi na kuviringishwa kwenye pipa lililozungushwa kwa mtambo wa saa. Kila dakika saa iliweka alama. Karatasi ilipojaa ilichovywa katika vanishi ili masizi yasifutike. Hiyo ndiyo ilikuwa hifadhi yao: moshi na vanishi!

Kutoka Rukwa hadi Göttingen ni karibu kilomita 7,000. Kwa umbali huo wimbi la kwanza hufika baada ya dakika kumi hivi, na la pili dakika nane hivi baada ya lile la kwanza. Mwenye kuipima nafasi iliyo kati ya mawimbi hayo hujua tetemeko lilitokea umbali gani, na akiwa na karatasi za vituo kadhaa huweza kukisia mahali penyewe.

Lakini karatasi peke yake haitoshi. Sindano huchora upinde, si mstari ulionyooka, hivyo hapana budi kuunyoosha kwa hesabu. Ni lazima pia ujue mtambo ulikuza mara ngapi, ulipunguza mtikiso wake wenyewe kwa kiasi gani, na saa ya kituo ilichelewa au iliwahi kwa sekunde ngapi. Vipimo hivyo viliandikwa katika daftari za kituo. Daftari likipotea, unabaki na picha nzuri ya mistari isiyosema kitu.

Kwa bahati njema, habari nyingi zilihifadhiwa. Mwaka 1991 mtaalamu Nicholas Ambraseys wa Imperial College, London, alichapisha uchunguzi wake wa tetemeko letu, akalipa ukubwa wa 7.4. Miaka themanini ilikuwa imepita. Baadaye watafiti wengine waliupima mpasuko wa Kanda, ule unaopita karibu na mji wa Sumbawanga, na wakaona kwamba huenda ndio uliofunguka siku ile. Mwanafunzi asidhani kwamba hilo limekwisha kuamuliwa, bado linajadiliwa.

Sasa nije kwenye kanda za aina nyingine, maana Kiswahili kimetupa neno moja kwa mambo mawili. Kati ya 1994 na 1995 watafiti wa Marekani wakishirikiana na wenzao wa Tanzania waliweka vituo 20 vya muda nchini mwetu. Mitambo yao ilikuwa ya kielektroniki: mtikiso uligeuzwa umeme, umeme ukageuzwa namba, namba zikaandikwa kwenye diski. Tarehe 18 Agosti 1994 likatokea tetemeko la 5.9 hapa hapa Rukwa, na mitambo ikalinasa. Hesabu zilionyesha kwamba lilianzia kina cha kilomita 25 hivi, chini sana kuliko ilivyo kawaida ya matetemeko ya barani.

Diski na kanda za sumaku za miaka ile, leo ukipewa utazisomea wapi? Karatasi ya masizi ya 1910 ukiishika dirishani unaona mawimbi kwa macho yako. Kanda ya 1994 ukiishika dirishani unaona plastiki. Namba zile zimepona kwa sababu zilihamishiwa mapema katika ghala la kumbukumbu la matetemeko huko Seattle, kwa mtindo mmoja uliokubaliwa na mataifa, na hadi leo mwanafunzi yeyote anaweza kuziomba.

Zangu hazikuhamishwa. Mchana wa tarehe 5 Desemba 2005 lilipotokea tetemeko la 6.8 katika Ziwa Tanganyika, nilikuwa kijana mgeni kazini. Ofisi niliyokuwa nikiitumikia ilitutuma kukagua kuta za madarasa, mpya na za zamani. Tulipima kila ufa kwa rula, urefu na upana, tukaandika, kisha namba zikaingizwa katika kompyuta na kuwekwa kwenye disketi kumi na moja. Fomu za karatasi zilichomwa wakati wa kuhama jengo, eti kwa kuwa "zimo kwenye kompyuta".

Mwaka jana fundi mmoja aliniuliza swali jepesi: ufa huu wa darasa la kona umepanuka, au ulikuwa hivi tangu zamani? Ukiwa umepanuka, ukuta uvunjwe. Ukiwa haukupanuka, upigwe lipu na fedha ziende kwenye choo cha wasichana. Jibu lilikuwa ndani ya sanduku langu.

Nilihangaika miezi miwili kupata kompyuta yenye mdomo wa disketi. Disketi zenye ukungu nilizifungua, nikazifuta kwa pamba na spiriti, nikazikausha. Disketi chafu usiitie hivi hivi, kwani hukwaruzwa na kuchafua kichwa cha kusomea, nacho kikaharibu zinazofuata. Kwanza ninakili disketi nzima kama ilivyo, ndipo nitafute faili katika nakala. Nane zilisomeka. Ndipo nikakuta safu za namba zisizo na vichwa: 14, 3, 210. Je, ni milimita au sentimita? Ukuta wa mashariki au wa magharibi? Maelezo yalikuwa kwenye zile fomu tulizochoma. Mwenzangu tuliyepima naye, mstaafu sasa, ndiye aliyekumbuka mpangilio wetu.

Ufa wa darasa la kona haumo katika zile nane. Disketi tatu zilizobaki nimezifunga katika bahasha kavu. Mmoja wetu wa kidato cha 1999, fundi wa redio Mbeya, anasema ana kichwa kingine cha kusomea, na nitampelekea mwezi ujao. Fundi wa ujenzi amekubali kungoja, ila ameweka alama ya kalamu pande zote mbili za ufa na kuandika tarehe ukutani.