Merikebu Ndogo ya Bendera Mbili

Sisi tukaao kando ya ziwa twajua jambo hili: mwenye kushika maji ameshika na njia. Wadachi, yaani Wajerumani, nao walilijua. Mwezi wa Septemba 1914 waliteka kisiwa cha Idjwi katika ziwa letu la Kivu. Lakini vita vikubwa vya merikebu vilikuwa kusini, katika ziwa Tanganyika. Huko palikuwa na merikebu moja ndogo iliyotumikia pande zote mbili.

Wadachi waliiita Kingani, jina la mto ulio karibu na Bagamoyo. Uzito wake ulikuwa tani 45 tu. Mwezi wa Agosti 1914 mwenzake, Hedwig von Wissmann, ilikuwa imeipiga kwa mizinga merikebu ya Wabelgiji, Alexandre Delcommune, huko Lukuga. Tangu siku hiyo Wadachi walitawala ziwa.

Ndipo Waingereza walipoleta mashua mbili za mota, Mimi na Toutou. Zilishushwa Cape Town, zikapanda treni mpaka Fungurume, katika Katanga. Kutoka huko zilikokotwa juu ya milima ya Mitumba kwa mashini, kwa ng'ombe na kwa mikono ya watu wetu, waliokata miti na kujenga madaraja zaidi ya mia. Kisha zikapita mto Lualaba, na treni tena mpaka Lukuga, ndiyo Kalemie ya leo.

Tarehe 26 Desemba 1915 Kingani ilikuja kupeleleza. Mashua zikaifuata, na kwa muda wa dakika chache tu mkubwa wake aliuawa, bendera ikashushwa. Waingereza waliziba matundu yake, wakaipa mzinga mkubwa zaidi na jina jipya: Fifi.

Tarehe 9 Februari 1916 Hedwig ilitoka kutafuta habari za mwenzake aliyepotea. Mimi, yenye mbio, iliichelewesha. Fifi ikafika, ikaipiga, ikaizamisha. Basi aliyetafutwa ndiye aliyeua!

Merikebu kubwa ya Wadachi, Graf von Götzen, waliizamisha wenyewe karibu na Kigoma mwezi wa Julai 1916, walipokimbia. Mwaka wa 1924 iliinuliwa, na tangu 1927 ikaitwa Liemba. Fifi, kinyume chake, ilizamishwa mwaka ule ule wa 1924.

Vitabu vyataja wakubwa wa merikebu hizi. Wale wa madaraja ya Mitumba hawatajwi kwa majina. Lakini bila wao Mimi na Toutou zisingaliona maji ya Tanganyika, wala Kingani isingaliitwa Fifi.