Nani Aliamua Dawa za Presha Ziwe za Mwezi Mmoja?

Hebu chukua kitabu cha hospitali cha mtu mzima yeyote hapo kwenu. Si kitabu hasa, ni daftari tu la shule, lenye jedwali la kuzidisha nyuma. Fungua ukurasa wa mwisho ulioandikwa. Chini kabisa ya ule mwandiko wa daktari utaona herufi tatu, TCA, halafu 1/12. Hiyo si tarehe mosi Desemba, wadau. Maana yake ni rudi tena baada ya sehemu moja ya kumi na mbili ya mwaka, yaani mwezi. Ikiwa 3/12, ni miezi mitatu.

Hapa Ukunda watu wengi wa presha na sukari wanaishi kwa hiyo 1/12. Unapanda matatu mpaka Msambweni, au boda mpaka kituo cha karibu, unapanga foleni asubuhi yote, ukifika dirisha la dawa unaambiwa hii iko, hii haiko, nenda kemisti. Nyanya yangu ana presha tangu sijazaliwa. Kuna miezi alikuwa anakata kidonge nusu ili kifike tarehe. Na presha vile ilivyo haikuumi, mpaka siku ya kiharusi.

Sasa huo mwezi mmoja ulitoka wapi? Nimelifuatilia hili swali, na naona jibu haliko mwilini mwa mgonjwa. Liko kwenye boksi.

Mapema miaka ya 1980, Kenya ilianza kupeleka dawa kwenye zahanati za mashambani kwa maboksi yaliyofungwa. Kilichomo ndani kilipangwa Nairobi. Wakati ule lilikuwa jambo kubwa, maana kabla ya hapo dawa zilikuwa zinapotelea njiani. Lakini boksi lilifikiria mtu wa malaria, kuhara, kidonda, kikohozi. Mtu anayekuja, anapona, anaenda zake. Mtu wa kumeza kidonge kila siku mpaka afe hakuwemo kwenye hesabu. Na dawa zikiwa chache, anayezigawa anakupa kidogo kidogo ili na mwenzako apate. Simlaumu.

Magonjwa marefu yalikuwepo lakini, na yalikuwa na njia zake. Wagonjwa wa ukoma, baada ya WHO kupendekeza mchanganyiko wa dawa miaka ya 1980, walikuja kupewa pakiti ya siku 28: kidonge cha kila siku kimepangwa kama kalenda, na kile kikali unakimeza mbele ya mhudumu mara moja kwa mwezi. Kifua kikuu nacho kilikuwa kinatibiwa mwaka mzima na zaidi, mpaka utafiti uliofanywa hapa Afrika Mashariki, matokeo yakatoka 1972, ukaonyesha kwamba miezi 6 inaweza kutosha. Watu hawalijui hili. Dunia ilijifunza kufupisha dawa za TB kupitia wagonjwa wa kwetu.

Halafu ikaja pesa. Kulipia matibabu kulianza 1989, kukasitishwa, kukarudishwa. Mwaka 2004 zahanati ikawa shilingi 10 na kituo cha afya 20. Juni 2013 zikaondolewa kabisa. Sawa, lakini ada ya mlangoni haina kazi kama rafu ni tupu, na bei ya kemisti haikuondolewa na mtu.

Waliovunja huu utaratibu wa mwezi ni watu wa ARV. Na hawakuupewa kama zawadi. Mwaka 2001 Bunge lilipitisha Sheria ya Mali ya Viwanda iliyofungua njia ya kuingiza dawa za bei nafuu, baada ya wanaharakati kupiga kelele vya kutosha. 2006 ARV zikawa bure kwenye hospitali za serikali. 2016 mwongozo mpya ukasema mtu ambaye hali yake imetulia hana haja ya kuja kila mwezi. Apewe za miezi 3. Corona ilipokuja, hata waliokuwa wanasita kugawa nyingi wakaona faida.

Si kwamba kwao ni laini. 2021 shehena ya ARV ilikaa bandarini Mombasa kwa miezi, hapo tu ng'ambo ya Likoni, serikali na wafadhili wakivutana juu ya kodi. Watu wakaingia barabarani. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada, roho zikaruka tena. Lakini ona tofauti: ARV zikikwama, ni habari ya taifa. Dawa ya presha ikiisha zahanati, ni habari ya nyanya yako peke yake, na yeye hatakwambia.

Kuna kitu kingine nataka ukijue. Mwaka 2008, kule Tete, Msumbiji, wagonjwa wa HIV walioishi mbali na kliniki walianza kujipanga vikundi vya watu hadi 6. Kila mwezi anaenda mmoja kwa zamu, anapimwa yeye, anarudi na dawa za wote. Nauli ya mtu mmoja badala ya sita. Mtindo ukasambaa, na hapa Kenya nao ukaingia kwenye mwongozo wa 2016.

Mbona presha isiwe hivyo? Kutoka Mvindeni mpaka Mwabungo kina mama wana vyama tayari. Wanakutana, wanachanga, wanajuana nani anaumwa na nini. Mashine ya kupimia presha inakaa kwenye mkoba. Kilichobaki ni kituo kukubali mama mmoja aje na madaftari sita, na kwa yule ambaye presha yake imetulia, daktari aandike 3/12.