Kutoka Mwano hadi Mkongo wa Taifa

Katika Usukuma wa zamani, mtu aliyevamiwa na wezi wa ng'ombe alipiga mwano, yaani ukelele wa kuomba msaada. Kila aliyeusikia alipaswa kuupokea, kuupeleka mbele, na kwenda kusaidia. Mwano haukubagua tajiri na maskini. Hicho ndicho kipimo tunachokitumia hapa kuzipima sera za mawasiliano za Taifa letu.

Chini ya Mkataba wa Jumuiya wa mwaka 1967, simu zetu ziliendeshwa na Shirika la Posta na Simu la Afrika Mashariki, lililokuwa na makao makuu Kampala. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, Tanzania ililazimika kuunda shirika lake. Hata hivyo simu ilibaki kitu cha mjini na cha ofisini. Wavuvi wa Ukerewe na Ukara walitegemea barua na salamu za wasafiri.

Mwaka 2003 Serikali ilitoa Sera ya Taifa ya Teknolojia ya Habari na Mawasiliano. Mwaka 2006 ilitungwa sheria ya Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, kwa kuwa makampuni hayapendi kujenga minara mahali penye faida ndogo. Mwaka 2009 ulianza ujenzi wa Mkongo wa Taifa. Nyuzi zake nyembamba, zipitishazo habari kwa mwanga, ziliiunganisha Mwanza na nyaya za baharini zinazofika Dar es Salaam.

Hayo ni maendeleo makubwa. Lakini ziwa limetufundisha kwa uchungu kwamba habari peke yake haiokoi mtu. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, mamia ya watu wakafa. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, kilichoundwa kuchukua watu 101, kilipinduka karibu na gati la Ukara, wakafa watu 228. Vyombo vyote viwili vilikuwa vimejaza kupita kiasi. Ukelele hufaa pale tu penye watu, mashua na wajibu wa kuitikia. Na onyo hufaa pale tu linaposikilizwa kabla ya safari.

Basi walimu na vijana wetu wasiuhesabu mkongo kwa urefu wa nyuzi zake tu. Waulize: je, mvuvi wa kisiwani akiita, nani anamsikia, na nani anakwenda?